Tope la Tana, Bahari ya Wengine

Mpaka mwaka 1925, Kismayo ilikuwa Kenya. Shuleni hawakuniambia, na nadhani wewe pia hawakukuambia. Mkoa uliitwa Jubaland, gavana wake alikuwa yuleyule wa Nairobi, na mpaka na Waitalia ulikuwa Mto Juba. Lakini mwaka 1915, kule London, Italia ilikuwa imeahidiwa kuongezewa ardhi Afrika ikikubali kuingia Vita vya Kwanza vya Dunia upande wa Uingereza na Ufaransa. Vita vikaisha, Italia ikadai chake, mkataba ukatiwa sahihi 1924, na mwaka uliofuata Jubaland ikakabidhiwa. Wafugaji waliokuwa wakipeleka ng'ombe na ngozi Kismayo hawakuulizwa kitu. Mpaka ulisogezwa magharibi hadi ukasimama karibu na Liboi, na upande huu ikabaki nchi kavu ambayo baadaye ilikuja kuitwa North Eastern, makao makuu Garissa.

Watu wa Nairobi wakisikia Garissa wanafikiria joto, ngamia, nyama ya mbuzi na vizuizi vya polisi barabarani. Bahari haimo. Hata sisi wenyewe tukisema "pwani" tunamaanisha mahali pa kusafiri kwenda. Ila kuna kitu kimoja kutoka kwetu ambacho huenda baharini kila siku bila kuulizwa kitambulisho, nacho ni tope la Tana. Na ukitaka kuelewa kwa nini, baada ya miaka zaidi ya thelathini ya hadithi za sumu katika bahari ya kaskazini, bado watu wanabishana kana kwamba jambo lilianza jana, itabidi uanze na hilo tope.

Simama kwenye daraja la Garissa mwezi wa Mei, mvua ikiwa imenyesha vizuri kule Nyandarua na Mlima Kenya. Maji yana rangi ya chai ya maziwa iliyochemshwa sana. Kiwango cha maji hapa kimekuwa kikiandikwa tangu miaka ya 1940, na ndiyo maana tunajua mabwawa ya juu yalibadilisha nini. Kindaruma lilianza kazi 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981, Kiambere 1988. Watafiti waliolinganisha rekodi za Garissa za kabla na za baada waliona mafuriko ya Mei yamepungua nguvu na maji ya kiangazi yameongezeka.

Ungetarajia na tope lipungue, maana bwawa ni chujio: maji yakitulia, mchanga unazama. Lakini timu ya watafiti Wakenya pamoja na Wabelgiji wa Chuo Kikuu cha Leuven, iliyoanza kuupima mto huu 2008, ilikuta kitu cha kushangaza. Maji yanatoka mabwawani yakiwa na tope kidogo, halafu kadiri yanavyoteremka yanazidi kuchafuka tena. Mto ulionyang'anywa udongo wake unakula kingo zake. Ukifika Garissa umeshashiba, na mzigo unaopita hapa kwa mwaka ni wa mamilioni ya tani. Kingo zenyewe ni mashamba ya watu: ndizi, maembe, matikiti. Mjomba wangu mmoja alipoteza safu mbili za miembe kwa misimu michache tu, na siku hizi ukimuuliza shamba liko wapi anakujibu bila kucheka, "Liko Kipini, abti. Nenda ukalilime huko."

Hajakosea sana. Kutoka Garissa mto unapita Bura, Hola, Garsen, unasambaa kwenye delta, na kumwaga Kipini, Ghuba ya Ungwana. (Kipini nayo ni mdomo mpya. Zamani Tana ilimwaga kusini zaidi. Katika karne ya 19 sultani wa Witu alichimbisha mfereji, unaitwa Belezoni, kuunganisha Tana na mto mdogo wa Ozi ili vyombo vipite. Mafuriko yalipokuja yakaona hiyo njia ni bora, na mto mzima ukahama. Yeyote anayechora mradi mpya kwenye delta ile angeisoma hadithi hiyo mara mbili.)

Sasa, tope likifika baharini linatulia na kuwa mashapo, na mashapo yana tabia moja ambayo polisi wa upelelezi wangeipenda: yanaweka. Madini kama risasi, shaba, zinki, kadimiamu na zebaki hayapendi kuelea ovyo kwenye maji. Hujishikiza kwenye chembe laini za udongo, zile ndogo kuliko milimita 0.063, na kuzama nazo. Dawa za wadudu za zamani, DDT na dieldrini, zinafanya vivyo hivyo, zinang'ang'ania mabaki ya mimea na mafuta. Kwa hiyo ukichota ndoo ya maji ya bahari leo umepata habari ya leo, na kesho mkondo umeipeleka Somalia au Mombasa kulingana na upepo. Ukichota tope umepata miaka.

Namna ya kuisoma miaka hiyo ni rahisi kueleza, ngumu kufanya. Unashusha bomba refu, unalididimiza kwenye sakafu ya bahari, unalivuta juu likiwa na mche wa tope ndani, kisha unaukata vipande vya sentimita moja moja kama mtu anayekata mkate. Umri wa kila kipande unaupata kwa risasi-210, mnururisho wa asili unaodondoka na mvua na kupungua nusu kila baada ya miaka 22 hivi. Hiyo inakurudisha nyuma karibu karne moja. Kuna na sisiamu-137, ambayo haikuwepo duniani kabla ya mabomu ya nyuklia na ilifika kilele mwaka 1963, wakati wa majaribio ya Marekani na Urusi. Ni ajabu ukifikiria: bomu lililolipuliwa upande mwingine wa dunia linakusaidia kujua tope la Bura lilizama lini.

Halafu kila kipande kinakaushwa, kinayeyushwa kwa asidi, na mashine inakuambia kuna risasi kiasi gani, shaba kiasi gani. Hapo ndipo wengi tunapopotoka tukisoma habari za "sumu yapatikana baharini". Madini haya yamo kwenye mwamba tangu Mungu aumbe dunia. Tope lolote la Tana lina zinki, hata lile la wakati wa Fumo Liyongo. Wanaojua kazi hupima pia aluminiamu au chuma, vitu ambavyo udongo wa kawaida unavyo kwa wingi, ili kutofautisha udongo mwingi na uchafu mwingi. Na hulinganisha na kipande cha chini, cha kabla ya viwanda na petroli. Petroli yenye risasi iliuzwa kwenye vituo vya Kenya mpaka mwisho wa 2005. Tope lililozama zama hizo haliwezi kufanana na la mwaka 1890. Namba moja peke yake, bila "kabla" yake, ni kelele tu.

Viumbe nao wanapimwa, kwa sababu tope halituui sisi moja kwa moja. Chaza wa mikokoni huchuja maji mchana kutwa na kubaki na kilichomo. Kaa na kamba hula juu ya tope. Samaki anakula kamba. Sisi tunakula samaki. Mwaka 1975 Mmarekani Edward Goldberg alipendekeza dunia nzima iwatumie kome na chaza kama walinzi wa pwani, wapimwe kila mwaka mahali palepale, na nchi nyingi zikafuata. Alikuwa na sababu. Kule Minamata, Japani, kiwanda kilimwaga zebaki kwenye ghuba kutoka 1932 hadi 1968. Samaki walionekana wazuri. Paka wa wavuvi ndio walioanza kuyumba na kuruka kama wanaocheza ngoma, kisha wakafa, na mwaka 1956 ikatangazwa rasmi kwamba ugonjwa umewafikia watu.

Pwani ya Kenya ina kitabu kimoja cha aina hii kilichosomwa mpaka nyuma kabisa, na kwa bahati mbaya si cha mto wetu. Ungwana haina mwamba mkubwa wa matumbawe, kwa sababu matumbawe yanataka maji meupe na sisi tunayaletea chai ya maziwa. Kwa hiyo inabidi twende kwa jirani, chini ya kilomita 100 kusini, Malindi, ambako Mto Sabaki unamwaga kando ya hifadhi ya bahari iliyotangazwa 1968. Kule yako matumbawe makubwa ya mviringo ambayo hukua karibu sentimita moja kwa mwaka na kuacha mistari kama ya mti uliokatwa. Tope la mto likiingia baharini linaachia bariamu, na tumbawe linaijenga ndani ya mifupa yake pamoja na kalisiamu. Bariamu nyingi, tope jingi.

Mwaka 2007 Dominik Fleitmann na wenzake walichapisha walichokisoma humo, miaka 300 hivi. Kutoka 1700 hadi 1900 mstari umelala, tope ni lilelile mwaka nenda mwaka rudi. Kuanzia karibu 1900 unaanza kupanda mfululizo. Kilele ni kati ya 1974 na 1980, ambapo tope lilikuwa mara tano hadi kumi ya kiwango cha asili.

Nilipousoma huo utafiti mara ya kwanza nilikaa nao muda. Reli imefika Nairobi 1899. Walowezi wanafuata, ardhi nzuri inachukuliwa, watu wanabanwa kwenye rizavu, miteremko ambayo ilikuwa ikipumzishwa inalimwa kila msimu, ng'ombe wengi wanawekwa mahali padogo. Baada ya uhuru idadi ya watu inapanda, miti inashuka. Miaka ya 1970 ukame mkali unavua nchi nguo, mvua kubwa inafuata, na udongo wa Ukambani unakwenda baharini. Haya yote yako kwenye vitabu vya historia, lakini vitabu vinabishana. Jiwe la Malindi halikuwa na chama. Na kama wewe unasoma hii ukiwa Kayole au Umoja, jua kwamba Sabaki ni jina la mwisho la mto wako: Mto Nairobi unapita kando ya jaa la Dandora, unaingia Athi, Athi inakuwa Galana, Galana inakuwa Sabaki. Mwaka 2007 huohuo UNEP ilichapisha uchunguzi wa jaa hilo, na nusu ya watoto waliopimwa karibu nalo walikuwa na risasi kwenye damu kupita kiwango kilichokubaliwa wakati huo.

Mombasa nako kunapimwa, sitakaa sana hapo kwa sababu kumeandikwa vya kutosha. Taasisi ya utafiti wa bahari, KMFRI, iko huko tangu 1979. Mafuta yamemwagika Makupa 1988 na Kilindini 2005, jaa la Kibarani lilikaa miaka kando ya hori, na watafiti wamechota tope la Kilindini na Makupa wakalipima. Wakati fulani nawaonea wivu. Wao wakisema "imechafuka" wana tope la kuweka mezani.

Mwaka 1992 meli ya utafiti ya Uholanzi, Tyro, ilifanya kazi kwenye pwani ya Kenya pamoja na wanasayansi wa hapa. Ilichota mashapo na viumbe wa sakafuni, kutoka ufuoni kwenda kilindini, kwenye mistari minne: Gazi kusini, kisha mbele ya Sabaki, mbele ya Tana, na Kiwayu kaskazini ya Lamu. Yaani kuna tope la Tana, ambalo kwa sehemu ni la Garissa, lililopimwa shaba, zinki, kadimiamu na risasi mwaka ule, na anayepima leo ana kitu cha kujilinganisha nacho. Baada ya Kiwayu ni Kiunga, na baada ya Kiunga ni mpaka ule wa 1925. Meli haikwenda huko. Isingeweza, Somalia ilikuwa imeanguka mwaka mmoja kabla, Mogadishu inawaka, na watu wa Kismayo walikuwa wakivuka Liboi kwa miguu kuingia kambi mpya za Dadaab.

Mwaka huohuo ndipo hadithi ya mapipa ilipoanza. Ulaya ilikuwa na takataka zenye sumu ambazo kuziteketeza nyumbani kulikuwa ghali, na ilishajulikana zinakopelekwa: mwaka 1988 maelfu ya mapipa kutoka Italia yalikutwa kwenye kijiji cha Koko, Nigeria. Mkataba wa Basel wa kuzuia biashara hiyo ulipitishwa 1989 na kuanza kufanya kazi Mei 1992. Miezi michache baadaye Mostafa Tolba, mkuu wa UNEP, akizungumza kutoka makao yake hapa Nairobi, alifichua kwamba makampuni ya Uswisi na Italia yalikuwa na mkataba wa kupeleka taka hatari Somalia, umetiwa sahihi na mtu aliyejitambulisha kama waziri wa serikali ambayo haikuwa na nchi ya kutawala. Machi 20, 1994, mwandishi wa televisheni ya Italia, Ilaria Alpi, na mpigapicha wake Miran Hrovatin waliuawa kwa risasi Mogadishu. Alikuwa akifuatilia silaha na taka. Msomali mmoja alifungwa Italia kwa mauaji hayo, na baada ya miaka mingi, 2016, mahakama ikasema hakuhusika.

Hadithi hizi hazikupita juu ya vichwa vyetu kama habari za ng'ambo. Zilikuja Garissa na watu. Mjomba yuleyule wa miembe alikuwa utingo wa lori la Dadaab miaka ya tisini, alilala na kula na watu wa Kismayo, na mpaka leo hagusi samaki wa baharini. Siku moja tulikaa kwenye hoteli moja ya mjini, nikaagiza samaki wa kupaka. Aliniangalia mpaka mkono ukasimama.

"Abti, hao unawala kweli?" Kwetu mjomba na mpwa huitana hivyohivyo, abti kwa abti.

"Nakula, abti. Wana nini?"

"Wametoka wapi?"

"Lamu."

"Na kati ya Lamu na Kismayo kuna ukuta?"

Nilikula, lakini sikuwa na jibu. Swali lake ni la kisayansi kuliko alivyojua. Hakuna ukuta, mkondo wa Somalia hushuka kusini mpaka pwani ya Kenya msimu wa kaskazi. Mwanzo wa 2002, kaskazi ikivuma, samaki walikufa kwa wingi kutoka Kiunga kwenda juu mpaka pwani ya Somalia, na unaweza kukisia watu walisema nini. Walioichunguza bahari walitaja mwani wenye sumu, ule unaochanua maji yakiwa na chakula kingi. Ni jambo la asili ingawa binadamu anaweza kulichochea. Ukweli ni kwamba wengi niliozungumza nao nyumbani hawajawahi kusikia habari ya mwani. Mapipa wote wameyasikia.

Halafu ikaja tsunami ya Desemba 26, 2004. Somalia ilipoteza watu karibu 300, wengi upande wa Hafun. Februari iliyofuata UNEP ilichapisha tathmini ya haraka iliyosema wimbi lilisumbua na kupasua makontena ya taka yaliyokuwa ufuoni, na kwamba wakazi walilalamikia matatizo ya kupumua, kutoka damu mdomoni na magonjwa ya ngozi. Ripoti hiyo ndiyo inayonukuliwa mpaka kesho. Maharamia waliiweka mdomoni wakajiita walinzi wa pwani. Kinachonukuliwa kidogo ni ujumbe wa wataalamu wa Umoja wa Mataifa uliokwenda Machi mwaka huohuo, ukatembelea maeneo machache kwa siku chache, haukukuta taka zenye sumu pale ulipofika, na ukasema uchunguzi mpana zaidi unahitajika. Usalama haukuruhusu huo mpana.

Mtu akinibana nitoe maoni yangu, nadhani kuna kitu kilitupwa mahali. Mikataba ya mamilioni haiandikwi kwa ajili ya kufurahisha kalamu. Lakini "nadhani" ndiyo yote niliyo nayo, na ndiyo yote aliyo nayo mjomba, na ndiyo yote waliyo nayo wale vijana wa Italia wanaoandamana kila Machi kwa ajili ya Ilaria. Kinachonikera ni kwamba haikulazimika kuwa hivi. Koko hakuna anayebisha, kwa sababu mapipa yalionekana, yakahesabiwa, na yakarudishwa Italia.

Tofauti hiyo ina bei, na tumeiona Lamu, kilomita chache kutoka mpaka wa kaunti yetu kule Ijara. Ujenzi wa LAPSSET ulizinduliwa Machi 2012. Ili meli kubwa ziingie, sakafu ya bahari ilichimbwa na tope likatupwa kwingine. Wavuvi walikwenda mahakamani, na mwaka 2018 Mahakama Kuu ikaamua wavuvi 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76. Mwaka uliofuata Mahakama ya Mazingira ikafuta leseni ya kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe kilichopangwa hukohuko, kwa kasoro za tathmini ya athari na ya ushirikishaji wa wananchi. Mei 2021 gati la kwanza likafunguliwa. Sasa meli zinaingia, na rangi zinazopakwa matumbo ya meli zina shaba, na shaba inazama kwenye tope. Mvuvi atakayesimama mahakamani mwaka 2040 akisema kaa wake wameharibika ataulizwa na wakili: walikuwaje kabla? Mistari ya Tyro ya 1992 itakuwa na thamani kuliko mashahidi kumi.

Na sisi wa Garissa tusijifanye watu wa kuonewa tu. Bura, ng'ambo ya mto, ulianzishwa mradi mkubwa wa pamba kwa fedha za Benki ya Dunia, walima wa kwanza wakaingia mwanzoni mwa miaka ya 1980. Pamba ni zao linalonyunyiziwa dawa kuliko mengi. DDT ilikatazwa kwenye kilimo cha Kenya 1986. Kabla ya hapo, miaka ya 1950 na 1960, nzige wa jangwani walipigwa kwa dieldrini, dawa iliyopendwa kwa sababu haiishi nguvu haraka, na hiyo ndiyo sababu baadaye ilichukiwa. Desemba 2019 nzige wakarudi, wakaingia kwetu kwanza kupitia Mandera na Wajir, na mwaka 2020 ndege zilikuwa zikinyunyiza dawa juu ya malisho. Dawa za sasa huoza mapema kuliko dieldrini, hilo ni kweli. Lakini mvua za mwaka ule zilikuwa kubwa, laga zilijaa, na laga za Garissa zinajua njia ya Tana kuliko dereva wa boda boda. Ongeza choo za mji unaokua haraka kuliko mabomba yake, plastiki za Soko Mugdi, mafuta ya magari yanayomwagwa kwenye gereji za kando ya mto. Vyote hivyo vinasafiri na tope. Tunaomuuliza Mzungu ametupa nini Kismayo tuna chetu cha kujibu Kipini, ambako wavuvi wa Kipokomo na Kibajuni wanavua kamba kwenye maji tunayowapelekea.

Kazi yenyewe haihitaji meli ya Uholanzi. Mche mmoja wa tope mbele ya Kipini, mmoja Kiwayu, mmoja Kiunga, na kapu la chaza kutoka kila mahali, kila mwaka mwezi uleule. Maabara ziko Mombasa na Nairobi. Mkataba wa Nairobi wa kulinda bahari ya Afrika Mashariki ulitiwa sahihi 1985, na Somalia na Kenya zote zimo ndani yake, hata zilipokuwa zikishtakiana The Hague kuhusu mstari wa mpaka baharini.

Ile timu ya Wakenya na Wabelgiji, kwenye misimu ya mvua kati ya 2012 na 2014, ilikuwa ikichota maji kwa chupa pale Garissa na tena kule Garsen. Maji yalichujwa kwenye karatasi ndogo ya duara, karatasi ikakaushwa, ikapimwa uzito, ikatiwa kwenye bahasha na kuandikwa tarehe. Tope linalobaki kwenye karatasi moja halijazi hata kijiko. Nikimwonyesha mjomba picha ya karatasi hizo kwenye simu aliikuza kwa vidole, akaiangalia muda mrefu ile rangi ya kahawia, akauliza ile ya mwezi ambao miembe yake ilikwenda ni ipi.